Uzoefu wangu: Kiingereza cha polepole cha VOA na dakika sita za BBC, kwa mtu wa mapokezi

Mie nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Paje, upande wa mashariki wa Unguja, kwa hiyo Kiingereza kwangu si cha mtihani ni cha kazi. Mgeni kasimama mbele yako na begi lake, kachoka na safari, anataka ufunguo na maji na paswedi ya waifai, huwezi kumwambia subiri nikafungue daftari. Nimepitia programu na masomo mengi ya maneno ya kila siku na leo naandika kuhusu viwili ambavyo vimenifaa kwelikweli, vyote vya bure: masomo ya Kiingereza ya VOA, ile redio ya serikali ya Marekani, na kile kipindi cha BBC kinaitwa 6 Minute English.

Tatizo letu wengi mie naliona liko hapa. Sarufi tunayo, sekondari tumesomeshwa masomo karibu yote kwa Kiingereza, na maneno mazito ya vitabuni tunayajua. Kinachokosekana ni vile vipande vidogo ambavyo watu wanavitoa vikiwa vizima, "let me check", "I'll be right back", "could you say that again, please?", "is everything okay with your room?". Hivi huvijengi neno moja moja pale mgeni anakusubiri, inabidi viwe vishakaa mdomoni tayari. Ndo maana zile programu za neno moja picha moja mie zilinichosha, kuna moja nililipia kabisa nikawa najifunza majina ya wanyama wa nchi za baridi, wakati ninachotaka ni namna ya kumwambia mtu kwa adabu kwamba maji ya moto yatachelewa kidogo.

Sasa VOA. Hawa walianza kutangaza Kiingereza cha polepole mwaka 1959, enzi hizo wakikiita Special English, na utaratibu wao ni kutumia maneno ya msingi kama 1,500 hivi, sentensi fupi, na msomaji anasoma taratibu kuliko mtangazaji wa kawaida. Ukisikiliza mara ya kwanza utahisi wanawasomea watoto lakini vumilia, kwa sababu masikio yetu yako nyuma sana ya macho yetu, neno unalijua ukiliona limeandikwa ila likitamkwa linakupita hivihivi. Kwenye "receipt" ile p haisikiki kabisa, "comfortable" na "vegetable" zinamezwa katikati, alafu kuna mkazo, Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, kwao unahamahama. Thirteen na thirty zinatofautishwa na mkazo kuliko kitu kingine chochote, na wewe hapo unataja bei ya teksi! Kwa ile kasi ya VOA unayasikia haya yote na unapata muda wa kurudia kwa sauti kabla sentensi nyingine haijaingia.

Mimi nawashauri muanze na Let's Learn English yao, ile ya video, hatua ya kwanza ina masomo 52. Kuna dada anaitwa Anna kahamia Washington, kila kitu kwake kipya, so anataja anwani yake, anajitambulisha kazini, anauliza kitu fulani kiko wapi, yaani mazungumzo ya mtu mgeni mjini na ndo hayohayo wageni wetu wanatuuliza sisi, tofauti ni kwamba wewe uko upande wa kujibu. Ila mjue tu kwamba Machi 2025 shughuli za VOA zilisimamishwa na serikali ya Marekani, usitegemee masomo mapya. Imeniuma kwa kweli, maana mtu asiye na hela ya kozi hapo ndo palikuwa pake. Ya zamani ni mengi sana bado, pakua unayoyataka uyaweke kwenye simu.

6 Minute English niiweke ngazi ya pili, usianzie hapo. BBC wanafundisha Kiingereza hewani tangu 1943 na unaona wameizoea kazi. Watangazaji wawili wanaongea mada moja, mwanzo wanakupa swali la kuchagua jibu, jibu lenyewe wanalitoa mwishoni kwa hiyo unabaki unasikiliza, na kabla hawajamaliza wanayapitia tena yale maneno sita ya siku hiyo. Maandishi yote ya kipindi unayapata bure. Kasi ni karibu na ya watu wanavyoongea, na hilo ndo zuri lake. Mie nasikiliza kwanza bila kusoma, nasikiliza tena huku nafuatilia maandishi, alafu naongea pamoja nao kwa sauti, wanapopumua napumua, wanapopandisha napandisha. Katika yale maneno sita sikamati yote, nachukua moja au mawili ambayo nikiwa kazini leoleo nitayapatia mgeni wa kumwambia, mengine nayaacha yapite yatarudi yenyewe.

BBC wana kingine, The English We Speak, kifupi zaidi, kila kipindi msemo mmoja wa mtaani wa Waingereza. Kizuri kukisikiliza ila kwa kazi ya hoteli huku kwetu mie nakiweka mwisho kabisa. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, Wapolandi, Wajerumani, Kiingereza na wao wamekisoma darasani, ukimpiga na msemo wa London anabaki anakuangalia tu, yeye anataka maneno mepesi yaliyonyooka. Wanaokuja na misemo ni Waingereza wenyewe, akikwambia "you all right?" asubuhi anakusalimia huyo, mjibu "fine, thanks, and you?" maisha yaende.

Na kuna jambo masomo haya hayatakufundisha kwa sababu wenyewe halipo kwao, nalo ni saa. Sisi kukicha saa kumi na mbili, chai saa moja, wao hiyo moja yetu ni seven. Kama kila mara unawaza kwa Kiswahili ndo ujumlishe sita, kuna siku utachoka na mgeni ataachwa na boti. Dawa niliyoiona mie ni kutohesabu kabisa, unaikariri sentensi nzima na saa yake ndani, "breakfast is from seven to ten", "the driver will pick you up at half past eight", mpaka iwe inatoka yenyewe. Tena hapo kwenye nusu kuna mtego, Muingereza akisema "half eight" ana maana 8:30, lakini Mjerumani kwa lugha yake nusu ya nane ni 7:30, kwa hiyo watu wawili mezani wanaweza kuelewa nyakati mbili tofauti kwa maneno yaleyale. Mie natamka na kwenye karatasi naandika kwa tarakimu, nampa mgeni aondoke nayo.

Kuhusu bando, msihofu. Sauti peke yake ya dakika sita ni MB chache, video ndo zinakula, nyinyi zipakueni mkiwa kwenye waifai ya kazini kabla hamjapanda daladala. Hedfoni ya bei rahisi inatosha, ila iwe inasikilizisha vizuri zile sauti za mwisho wa neno, maana s na t na d za mwishoni ndo tunazoziacha sisi.

Kilichobaki kwangu ni simu. Uso kwa uso mikono inasaidia, kwenye simu hakuna mikono, na kazi kubwa pale ni kuandika jina na barua pepe ya mtu herufi kwa herufi. E yao inasikika kama i yetu, A yao kama ei, na herufi moja ikiingia siyo basi uthibitisho wa chumba haumfikii mgeni. Nimetafuta masomo ya bure ya kutajiana herufi kwenye simu kwa kasi ya kawaida, ya watu wa hoteli hasa, bado sijapata yanayonitosheleza. Mwenye anayoyatumia na yamemsaidia aniambie masomo hayo yanaitwaje tafadhali.