Watumwa wa bure: yaliyonipata na vipeperushi vya Kihispania

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna steshenari moja hapa Bagamoyo, sitaitaja, waliowahi kuchapisha kadi za harusi wanaijua. Mlangoni wamebandika: TUNATAFSIRI LUGHA ZOTE. Zote! Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo na Misheni ya Wakatoliki, na siku hizi Wahispania nao nawapata, nikasema ngoja niwe na kipeperushi chao. Nikaandika maelezo yangu kwa Kiingereza (hili la Kiingereza likumbukeni), nikampa kijana wa kompyuta, nikalipa hela yote siku hiyohiyo. Ndipo nilipojimaliza.

Karatasi nzuri, sikatai. Picha ya Mnara wa Livingstone imetoka vizuri kuliko mnara wenyewe. Nikavigawa kwa kundi la kwanza kwa madaha.

Tukafika kwenye ile njia ya miembe pale Misheni. Hapo ndipo ninapopapenda: mapadri wa Roho Mtakatifu walivyoanza hapa 1868, walivyotoa fedha kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakakaa kwenye kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Huwa nashusha sauti. Nikamwona mama mmoja, mwalimu mstaafu, amekodolea macho kipeperushi, anamwonyesha mumewe, mumewe anauma mdomo. Nikadhani wameguswa. Kumbe yule mume anazuia kicheko. Mama akanivuta pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza: hawa watumwa alikuwa anagawiwa nani?

Mstari ulisomeka hivi: Aquí los esclavos se volvieron gratis. Yaani hapa ndipo watumwa walipoanza kutolewa bure. Bure kama kalenda za mwaka mpya! Watu waliotembezwa kwa miguu kutoka huko bara, minyororo shingoni, wakalipiwa ndipo wakaachiwa, mimi nawatangaza kama ofa. Na chini yake, kwa herufi nene, jina la kijiji: Pueblo Gratisdom. Hicho si Kihispania, si Kiingereza, wala si Kikwere.

Yule mwalimu akanifumbulia. Kiingereza kina neno moja, free, linabebeshwa mizigo ya watu wawili. Kihispania kimewatenganisha: kisicholipiwa ni gratis, asiyefungwa ni libre. Teksi isiyo na abiria ni libre, kiti kisicho na mtu ni libre, ngoma inayochezwa nje uwanjani ni al aire libre. Soda isiyo na sukari, ambayo Mwingereza naye anaiita free, haichukui gratis wala libre, wanasema tu sin azúcar. Nilibaki nimeduwaa, na si kwa ugumu wake. Sisi wenyewe tunalo bure na tunalo huru, na hakuna mtoto wa hapa kwetu Dunda anayeyachanganya.

Nikaenda dukani nimefura. Kijana hata macho hakuinua. "Dada, free si bure? Huku mwanzo umeandika maji free, ramani free, nikaona nibadilishe zote kwa mkupuo niweke gratis, ndiyo nikaitia kwenye programu itafsiri yaliyobaki." Kwa mkupuo! Ndiyo maana ikang'oa hata ile free iliyojificha ndani ya freedom. Nikadai hela yangu. Bosi wake akatoka nyuma ya pazia, mtu mzima na kofia yake, nikampa shikamoo huku natetemeka. Akaitika marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Mwanangu, kwani hao Wahispania wenyewe wanakuja mara ngapi?"

Hata akija mmoja, mzee wangu. Hata mmoja.

Usiku hasira ikapoa kidogo, nikaanza kujihoji. Nani alipeleka maandishi ya Kiingereza? Mimi. Ningepeleka Kiswahili ningeandika "wakawa huru" na "maji ya bure", na yule kijana hata angekuwa anasinzia asingeyaunganisha. Nilitaka nionekane msomi. Tena kijana mwenyewe hana maneno mabaya, ndivyo alivyofundishwa kazi. Nikaamua nikiandika maoni yangu kuhusu duka lao nitawapa nyota tatu.

Nikarudi kuchapa upya wakanitoza bei ileile, hata mia hawakupunguza. Tatu zikawa moja palepale.

Safari hii nilivuta kiti nikakaa naye kwenye kompyuta, nikamwamuru: popote penye gratis weka libre. Jina la kijiji tukaliandika herufi kwa herufi, Pueblo de la Libertad, kama nilivyoandikiwa na yule mwalimu. Nikatoka kifua mbele. Kundi lililofuata, nimewagawia chupa za maji pale Ngome Kongwe, kaka mmoja akasoma kipeperushi, akainua chupa yake juu, akawauliza wenzake haya maji yametoroka jela gani. Agua libre. Maji huru. Kwa mkupuo, tena kwa amri yangu mwenyewe, na kijana wa watu aliniuliza mara mbili, "Zote, dada?" nikamjibu zote, chapa.

Sasa nyota ngapi? Ya kurudishiwa hela haipo, wala ya kuombwa radhi, wale hawajui kuomba radhi. Mbili, basi, na moja kati yake ni ya karatasi. Vile vya kwanza nimempa mama wa kashata jirani yangu, anafungia wateja. Juzi nimemwona mgeni mmoja anatafuna huku anasoma cha kwake, anatabasamu. Nikageuka nikatazama majahazi.