Paleti iliyotumika: je, inafaa kwa viti na etajere Goma?

Paleti ya Ulaya, lile jukwaa la mbao la kupakia mizigo lenye alama EUR kwenye pembe, inatoa mbao kavu zilizonyooka, na hilo si dogo mahali ambapo vipande vya mkaratusi mbichi vinajikunja ndani ya wiki mbili. Vipimo vyake havibadiliki: sentimita 120 kwa 80, mbao 11 za unene wa milimita 22, vitalu 9 (vipande vinene vilivyo kati ya mbao za juu na za chini), misumari 78. Lakini ni mti laini. Usikubali kuilipia bei ya libuyu, ule mti mgumu.

Kabla ya kulipa, tafuta muhuri. HT ina maana mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, hiyo chukua. MB ina maana ilipigwa gesi ya bromidi ya methili. Iache, hata kwa kuni za jikoni. Ikiwa na madoa ya mafuta au harufu ya dawa, iache pia hata kama ni HT.

Shida kubwa ni misumari. Imesokotwa, kwa hiyo ukiingiza mtaimbo na kunyanyua, ubao unapasuka kabla msumari haujatoka. Kwa etajere inayohitaji ubao mzima, pitisha msumeno wa kukatia chuma kati ya ubao na kitalu, ukate misumari yenyewe. Kwa kiti kidogo, kata ubao pembeni mwa vitalu: kati ya kitalu na kitalu kuna sentimita 38 zisizo na msumari hata mmoja. Mbao tano za juu zinakupa vipande kumi hivyo.

Usikimbilie kupiga randa. Mchanga mweusi wa volkeno umejaa kwenye nyufa za mti, na ubao mmoja tu unatosha kuua makali. Sugua kwanza kwa brashi ya waya, kufuata nyuzi za mti, hadi rangi ya mbao ionekane.

Kiti chenyewe kiwe cha miguu mitatu. Juu ya mawe ya lava cha minne kitayumba daima. Unganisha vipande viwili vya upana wa sentimita 14.5, upate kikalio cha 38 kwa 29. Chini weka mbao mbili za kukingama, upana 10, urefu 27. Tumia visi za milimita 35: mbao mbili zikishapigwa randa zinabaki kama milimita 40, na visi ya 40 itachomoza kwenye suruali ya mtu. Toboa kwanza tundu la milimita 3, sentimita 2 kutoka mwisho wa ubao, la sivyo unapasuka.

Miguu isitoke kwenye paleti. Vitalu vingi ni takataka za mbao zilizogandamizwa: visi haishiki, na maji yakivigusa vinavimba na kumomonyoka. Omba kwa fundi wa mbao vipande vya libuyu, sentimita 42, vikavu kabisa. Mguu mbichi ukikauka unasinyaa ndani ya tundu, na kole haiwezi kuuokoa. Chonga ncha iingie kwa kubana kwenye tundu la milimita 25, miwili kwenye mbao moja ya kukingama, mmoja katikati ya nyingine, yote ikitanuka kidogo kwa nje. Upande wa mguu mmoja kata pembe zote mbili za kikalio. Mtu akikalia pembe, kiti kinapinduka. Kole nyeupe inatosha kwa kiti cha ndani, ukikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kukiacha hadi kesho yake.

Nje, mvua italegeza kole hiyo, na verni haitazuia. Kwa benchi la uani bora ununue libuyu tangu mwanzo, paleti ubaki nayo kwa etajere za vitabu, masanduku ya viazi na viti vya jikoni.