Waliniambia mashine imepona, ikanikwamia nje ya mwamba

Kama una boti la zamani na mashine imeanza kukusumbua, usipoteze pesa kwa mafundi, nunua mpya. Hivyo ndivyo nimekuwa nikimjibu kila anayeniuliza pale Bandari ya Kale, Mombasa, tangu yaliponifika. Lakini kila nikiyaeleza moyo unanipeleka kwingine, basi nivumilieni.

Boti ni la marehemu baba, la mbao. Mashine ni Yamaha ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, hakuna mvuvi wa pwani hii asiyeijua. Imenisomeshea watoto watatu. Upepo wa kaskazi ulipokuwa ukiishia, mashine ikaanza kukosa nguvu, na yale maji ya kuipoza yanayoruka ubavuni yakawa yanadondoka tu. Nikaipeleka karakana moja hapa kisiwani, ya kaunta ya kioo na mafundi wa ovaroli safi. Wakakaa nayo wiki tatu, nikawalipa shilingi 85,000. Risiti ninayo: ringi za pistoni, gasketi, kabureta kusafishwa, na chini kabisa wameandika kwa kalamu, "pampu ya maji imefanyiwa kazi." Maneno hayo matano ndiyo yanayoniwasha hadi leo.

Safari ya tatu au ya nne baada ya hapo, kusi imeshaanza, tulikuwa tunarudi alfajiri, mimi na vijana wawili na changu wa kutosha. Taa za Nyali twaziona. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Kugeuka, ubavuni hakuna maji hata tone. Sijaufikisha mkono kupunguza mwendo, mashine ikakwama. Haikukohoa wala kupungua, ilikwama mara moja kama imeshikwa. Kusi ikatuchukua kuelekea mwamba, maji yamekupwa, tunasikia mawimbi yanavyopasuka pale. Tukatupa nanga. Ikaburura, ikaburura, ndipo ikashika. Mmoja wa wale vijana ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa ameushika ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungwa mashine, kwa mikono miwili, hasemi neno, na mimi sikuwa na la kumwambia. Tulikaa hivyo mpaka boti jingine likapita na kutuvuta.

Kesho yake nikaenda karakana. Nilidhani wataniuliza kama tumesalimika. Kijana wa kaunta akasema, "Ami, mashine ya miaka ishirini, ulitaka iishi milele?" Nikamwekea risiti mbele yake. Akaisukuma kwa kidole kimoja, hakuisoma. "Basi hujui kuiendesha. Chukua mpya, tunazo hapo nyuma." Mbele ya watu! Mlango ule wa bahari katika mwamba nimeuingia usiku wa kiza, kusi na kaskazi, kabla mama yake hajamzaa. Nilitoka pale nikitetemeka, na hapo ndipo nilipoapa kwamba nitanunua mpya, ila si kwao.

Kilichonizuia ni fundi mmoja mzee wa Mtongwe. Nikaivusha mashine kwa feri ya Likoni juu ya mkokoteni. Yeye hakuuliza umri wake. Alianza na mguu, ile sehemu ya mashine inayozama majini. Boliti za pale pampu ilipo zilikuwa zimeshikana kwa chumvi, nyeupe pe, ikabidi azitie mafuta na kuzigongagonga karibu saa nzima. "Hizi hazijafunguliwa miaka," akasema. Alipoufungua akanitilia mkononi ule mpira wa ndani unaosukuma maji, impela. Ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu, mapanga yake mengine yamejikunja na mengine yamekatika, kama pweza aliyekatwa mikono. Kipande kimoja, si kikubwa kuliko ukucha wangu, tulikikuta kimeziba njia ya maji kuelekea juu. Kwa hicho tu, maji hayapandi, chuma kinapata moto, pistoni inavimba na kushika. Mpira mpya nimeununua kwa pesa zisizofika sehemu ya ishirini ya zile nilizowapa. Na wao waliandika wamefanya kazi.

Sasa hukumu yangu mimi siijui vizuri. Mzee anasema silinda ya chini ni nzima, ya juu imechubuka lakini inachongeka na kutiwa pistoni ya saizi ya juu. Oili ya gia aliimwaga nikaiona, haikuwa nyeupe kama maziwa, yaani maji ya bahari hayajaingia kwenye mguu. Ingekuwa nyeupe, na silinda zote mbili zimeliwa, ningekuambia usitie hata senti. Mashine hizi mpya zisizochanganya oili zinakula petroli kidogo, sikatai, lakini ni nzito zaidi, na ubao wa tezi la boti langu ni wa siku za baba. Ukinunua bila kupima urefu wa tezi, unaweza kuletewa ya mguu usiolingana, ikawa balaa jingine.

Na jambo linalonichoma zaidi ni hili: mpya nayo ina mpira uleule ndani. Ningewapa wale watu hizo pesa, zaidi ya mara tano ya zile za kwanza, miaka miwili mbele wangeniandikia risiti ileile. Basi nilichokuwa nikiwaambia watu, kwamba tatizo ni uzee wa mashine, si kweli. Yangu haikuuawa na uzee.

Lakini dada yangu hataki kusikia. Anataka mpya, au mwanawe asipande tena, na siwezi kumlaumu.

Pesa za mpya ninazo nusu. Silinda iko kwa mtu wa kerezo, anaichonga. Ikirudi, mpira nitaufunga kwa mkono wangu, na yule mtoto wa dada yangu nitamweka pembeni ashike taa aone kila boliti inavyoingia.