Huduma za malipo ya mtandaoni kwa wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini: ipi ichaguliwe kwanza

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayeagiza mchele Kyela, au wa Njombe anayewalipa wakulima wa parachichi, kwa kawaida huchagua huduma ya malipo kwa kuangalia makato. Makato yana uzito wake, lakini muamala mmoja ukipotea unaweza kumeza nafuu yote iliyopatikana kwa msimu mzima. Kwa sababu hiyo huduma zimepangwa hapa kwa kigezo kingine: fedha zikitoka bila idhini ya mwenye akaunti, ni nani anayelazimika kujibu, na anapatikana wapi.

Nafasi ya kwanza ni programu ya benki yenyewe, kama vile SimBanking ya CRDB au NMB Mkononi. Mkataba ni wa pande mbili tu, mteja na benki, hivyo hakuna kampuni ya kati ya kusukumiwa lawama, na tawi la kuingia na kudai maelezo lipo mjini. Jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuthibitisha, na kwa malipo ya serikali yenye kontroo namba huonekana pia kiasi kinachodaiwa. Wateja wengi hudhani kwamba Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kinga yake ilipandishwa hadi shilingi 7,500,000 mwaka 2023, itawafidia wakiibiwa. Bima hiyo huwalipa wenye amana pale benki inapofilisika, wala haihusiki na wizi wa mtandaoni.

Nafasi ya pili ni pochi za simu: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa. Kampuni hizi zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na fedha za wateja hutakiwa kukaa katika akaunti za udhamini benki, mbali na fedha za kampuni. Udhaifu wao uko kwenye laini. Anayefanikiwa kujipatia laini mpya kwa namba yako huanza kupokea ujumbe uliokusudiwa kukufikia wewe, na hapo huwa amebakiza kuipata namba ya siri; kupiga *106# mara kwa mara ili kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako ni tahadhari isiyo na gharama. Ni vyema pia kutuma fedha kutoka benki kwenda kwenye pochi kila zinapohitajika, badala ya kuiunganisha akaunti moja kwa moja, kwa maana akaunti ikishaunganishwa, mwenye namba ya siri ya simu anaweza kuifikia akiba yote.

Kadi ni ya tatu, na kwa ununuzi wa nje ya nchi tu. Itumike kadi ya mtandaoni inayojazwa kiasi cha ununuzi husika. Mnunuzi ana haki ya kupinga muamala kupitia benki iliyotoa kadi, na haki hiyo hiyo humgeukia muuzaji: mwenye nyumba ya wageni Iringa anayepokea kadi za watalii waendao Ruaha anaweza kunyang'anywa malipo wiki kadhaa baada ya mgeni kuondoka, ikiwa hana uthibitisho wa huduma aliyoitoa.

Nafasi ya nne inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa sana kwa wenye biashara ndogo. Hizi ni kampuni zinazokusanya malipo kutoka mitandao yote na benki zote, kisha kumpelekea muuzaji jumla yake. Urahisi wake ni wa kweli, wala si haki kuziweka zote kapu moja na matapeli. Tatizo ni kwamba kati ya saa mteja anapolipa na saa muuzaji anapopokea, fedha ziko mikononi mwa mtu wa tatu, na muamala ukikwama benki husema umeshatoka, mtandao husema umeshapita, na kampuni husema haujafika. Kabla ya kusaini, hakikisha jina la kampuni limo katika orodha ya watoa huduma wenye leseni ambayo Benki Kuu huitangaza, kisha usome vifungu vitatu: fedha hukaa katika akaunti ya nani, hukaa kwa muda gani, na ni nani hubeba hasara ya muamala uliorudishwa. Kama mkataba haugusi la tatu, chukulia kwamba utaibeba wewe.

Ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu haifai kununuliwa kwa bei yoyote, ni programu inayoomba nywila ya benki ili ilipe kwa niaba yako. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2018 huitaka benki imrudishie mteja kwanza, kisha imdai mtu wa tatu, na hasara ya mteja asiye na uzembe mkubwa haizidi euro 50. Kinga hiyo haimfuati mteja wa Mbeya. Masharti ya benki zetu kwa kawaida huhesabu kila agizo lililotolewa kwa namba ya siri kuwa ni la mwenye akaunti, na kumpa mwingine namba hiyo ni kuvunja mkataba, hata kama aliyepewa ni kampuni yenye tovuti nzuri.

Kwa huduma yoyote kati ya hizi, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na mlalamikaji adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika hulipeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi jijini Mbeya, akiambatanisha ujumbe wa muamala, tarehe na saa aliyotoa taarifa, na jibu alilopewa.