Glaida ya rimoti kutoka Kariakoo: dharau bure, breki ujitafutie

Nianze na muuzaji, maana glaida yenyewe karibu nimeshaisamehe.

Duka silitaji. Ni glaida ya foam, yaani kindege cha rimoti cha kuelea hewani, mota moja puani. Mengine yote yako kwenye boksi, jisomee. Mimi shida yangu ni mapanga, yale yanayozungushwa na mota kuivuta mbele. Glaida za aina hii zina mapanga ya kujikunja: ukishapanda unazima mota, mapanga yanalala ubavuni mwa pua, unabaki unaelea kimya kabisa. Hicho ndicho nilicholipia. Yangu nikizima mota, mapanga yanaendelea kuzungushwa na upepo, trrrr, mpaka chini.

Utasema jambo dogo hilo. Haya, mimi narushia nje ya Morogoro, upande wa mashamba, na kipindi hicho watu walikuwa wanachoma mabaki ya mahindi. Moshi ukipanda tu, mwewe hao. Wanafuata panzi wanaokimbia moto, wanawadaka kwa kucha na kuwala hukohuko angani bila kutua. Na ardhi iliyoungua inatoa hewa moto inayopanda, ambayo ndiyo naitafuta na mimi. Lazima tukutane. Basi mmoja akaja kwa juu, mkia wake wenye panda unapinda huku na huku, akashusha miguu usawa wa pua ya glaida. Nikaona zile kucha za njano zimekunjuka, na mapanga yanazunguka chini yake. Nikaichomeka glaida kwenye majani. Bawa la kushoto likakatika. Mwewe akaenda zake mzima, na hilo bawa silililii.

Narudi dukani nimelifunga bawa kwenye gazeti. Namwambia kwa adabu, kaka, nadhani breki ya mota, ile ya kuizuia isizungushwe na upepo ukishaizima, haijawashwa. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Breki? Bosi, kwani umenunua daladala?" Mwenzake akacheka. Kisha akanipa na ushauri: nirushe mchana, mwewe huwa wamelala. Mwewe wamelala mchana! Huyu hajawahi kufuga kifaranga hata kimoja.

Breki ipo. Fundi simu wa mtaani kwetu ndiye aliyeijua. Unayatoa mapanga kwanza, usije ukakatwa vidole. Unawasha rimoti, unapandisha kijiti cha mota mpaka mwisho, ndipo unachomeka betri. Kile kidude kinachogawa umeme kwa mota kinaanza kulia. Ukifika mlio wa breki unashusha kijiti. Imeisha. Dakika moja, wala hakutaka hela.

Na hapo ndipo hasira zangu zilipoharibika, maana glaida hii ikiwa kimya ni raha tupu! Mwewe wanaizunguka bila wasiwasi, na mimi nawafuata. Wanapopanda bila kupiga bawa, hapo pana hewa. Napeleka glaida, nayo inapanda. Wapo wanaosema mwewe akikujia washa mota upande wima, hawezi kukufuata. Ni kweli hawezi, lakini hiyo mota unaiwasha mguu wake ukiwa hapo. Mimi nahama nimezima. Na nikiona anarudia kushambulia eneo lilelile najua ana kiota, nashuka siku hiyo basi.

Kunguru ni habari nyingine. Wale wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakiona mabawa marefu wanadhani ni mwewe, wanakuja kundi zima kufukuza. Sina dawa yao.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Glaida naipa nne. Hapana, tatu, gundi ya mkia nayo imeanza kuachia. Lakini ile siku na mwewe wawili ilikuwa ya tano, kwa hiyo nne. Duka halipati kitu. Bawa jipya waliniambia lipo stoo, nipige kesho. Napiga, wanakata.