Mafunzo ya siku nne ya kuwasaidia watoto wanaokwama kusoma, Kasulu: siku ya pili ndiyo ya kulipia

Mwalimu mkuu anayefikiria kumpeleka mwalimu wa darasa la I au la II kwenye mafunzo haya ajue mapema kwamba siku nne si sawa. Ya kwanza ni nadharia ya aina za ulemavu wa kujifunza, slaidi juu ya slaidi. Aliyekwisha kupitia moduli za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hatakuta mengi mapya zaidi ya chai na vitumbua.

Siku ya pili ndiyo yenye kazi. Hapo washiriki wanafundishwa kumpima mtoto mmojammoja kwa dakika moja. Mtoto anashika karatasi ya silabi, mwalimu ana nakala yake na saa ya simu. Mtoto akikwama sekunde 3, anaelekezwa kwenye inayofuata na kosa linawekwa alama. Silabi 10 za mwanzo zote zikimshinda, zoezi linakatishwa, asiendelee kuaibika. Baada ya silabi kunakuja kifungu cha habari. Hapo hesabu ni maneno aliyofikia kutoa aliyokosea. Akimaliza kabla ya dakika kwisha, idadi aliyopatia inagawanywa kwa sekunde alizotumia, kisha inazidishwa kwa 60. Aliyepatia maneno 36 kwa sekunde 48 ana kasi ya maneno 45 kwa dakika, na kigezo cha mwisho wa darasa la II ni 50.

Wawezeshaji wanaeleza vizuri kwa nini kasi ina uzito hivyo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani ulemavu wa kujifunza unaogusa usomaji, anaweza kupatia karibu kila silabi na bado akasoma kwa kujikokota. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake hatamwona. Mpe neno “hawatatupikia”, lenye silabi saba: akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka kichwani. Dawa wanayofundisha ni kulikata kwa vipande vyenye maana, hawa-ta-tu-pikia, mtoto abebe vipande vinne badala ya saba. Kwa somo hili pekee nauli imerudi.

Dodoso la kuwabaini watoto ndilo linalotia wasiwasi. Linahesabu kuchanganya l na r kuwa dalili ya disleksia. Kwa Kigoma na Tabora huo ni mtego. Mtoto wa Kiha anayeandika “kurara”, au wa Kinyamwezi anayeandika “lafiki”, mara nyingi anaandika anavyosema. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeisoma “thamani” kama “samani”. Kipimo chake ni rahisi na hakimo kwenye dodoso: funga kitabu, mwambie alirudie neno kwa mdomo. Likitoka vilevile, hilo ni la matamshi, si la usomaji. Kuchanganya b na d nako, kwa mtoto wa miaka 6 au 7, bado ni kawaida.

Dodoso hilohilo limeweka macho na masikio mwishoni, wakati ndiyo ya kuanza nayo. Chati ya E ukutani, mtoto mita 6, jicho mojamoja. Na sikio linalotoa usaha lipelekwe zahanati kabla mtoto hajaitwa mzito wa kuelewa.

Vifaa vya siku ya tatu havina gharama. Konsonanti 19, ch ikiwemo, mara irabu 5 ni kadi 95 za silabi. Ongeza irabu zenyewe zinakuwa 100. Karatasi moja ya manila ikikatwa vipande 40, manila tatu zinatosha na kubaki. Mb, nd, ny na ng' zinakuja baadaye. Sinia la mchanga la kuandikia herufi kwa kidole nalo ni zuri, ila mchanga uwe mkavu, umechekechwa, kina kisizidi sentimita moja, maana ukijaa herufi inajifukia. Mtoto atamke sauti huku kidole kikitembea. Akinyamaza, anachora tu.

Mwongozo umetafsiriwa na kutafsiriwa kwake kunaonekana. Zoezi la kupiga makofi linaihesabu “mtu” silabi moja. Ni mbili, m-tu, sawa na m-bwa na n-chi. “Mbuzi” ndiyo mbu-zi. Mtoto anayepiga makofi mawili kwa “mtu” atakosolewa kwa kupatia! Kwenye mfuko kuna pia karatasi za plastiki za rangi za kuwekwa juu ya ukurasa. Ziacheni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, kilikwishasema mwaka 2009 kwamba hazina ushahidi wa kutibu disleksia.

Siku ya nne washiriki wanafundishana, mtu mzima akijifanya mtoto asiyejua kusoma. Haifanani na kitu. Shule iko jirani; watoto sita wangetosha. Na ushauri wa dakika 30 kwa kila mtoto kila siku hauingii kwenye darasa la watoto 90. Kinachowezekana ni kundi la watoto 5 au 6 wenye tatizo moja, dakika 20, siku nne kwa wiki, wengine wakiandika, na kupima upya kila baada ya wiki mbili.

Tunayapa 3 kati ya 5. Yanamfaa mwalimu wa darasa la I hadi la III. Anayetaka kubobea katika elimu maalumu atazame Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Siku nne hazimfikishi huko. Anayekwenda abebe flashi na aombe karatasi za kupimia kwenye kompyuta ya mwezeshaji, kwa sababu nakala wanazogawa zimedurufiwa hadi m na n hazitofautiki.