SharePoint kwa intraneti ya kampuni: nzuri, ila ipangeni kwanza

Kwa kampuni yenye makao Kampala na matawi Gulu na Mbarara, SharePoint, huduma ya Microsoft ya kutunza faili na kurasa za ndani za kampuni (intraneti), inafaa, hasa kama tayari mnalipia Microsoft 365, kifurushi chake cha programu za ofisi. Hifadhi ni TB 1 kwa kampuni nzima, na GB 10 zaidi kwa kila leseni ya kawaida. Hujaa upesi: faili moja kwa kawaida hutunza hadi matoleo 500 ya zamani, na yote yanahesabiwa. Punguzeni idadi hiyo kabla ya kupakia chochote. Ruhusa za kufungua faili vipeni vikundi, kamwe si mtu mmoja mmoja. Mhasibu akihama idara, mnamtoa kikundini, basi. Picha nzito za ukurasa wa mbele huwatesa walioko matawini wanaotumia bando la simu. Anzeni na fomu za likizo na za madai ya safari.